Tuni ya Gemu Nimeitia Chakacha, Babangu Asema Nimeiba

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mkazi wa Mombasa. Mchana ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na usiku, nikishakula na kupumzika, hupiga kinanda. Sikusomea muziki darasani. Nilijifunza kwa sikio, na kwa kumtazama babangu, ambaye alipiga fidla katika kikundi cha taarabu tangu ujana wake hadi vidole vilipoanza kumkataa. Yeye na wenzake walialikwa katika harusi nyingi za Mji wa Kale na Majengo, na mpaka leo anapokuwa na furaha huzipiga zile tuni za filamu za Kihindi ambazo kikundi chao kilizitilia mashairi ya Kiswahili.

Ninalokuandikia lahusu burudani yangu. Huchukua muziki wa gemu nilizocheza utotoni, nikaupanga upya, nikaurekodi chumbani kwangu na kuupakia mtandaoni ili wengine wausikilize. Nyumbani tulikuwa na mojawapo ya zile mashine za bei rahisi zilizoiga Famicom ya Kijapani, pamoja na kaseti ya manjano iliyojisifu kuwa na mamia ya gemu, ingawa baada ya kumi za mwanzo zilikuwa zilezile zikijirudia kwa majina mengine. Muziki wake ulinikaa kichwani kuliko nyimbo za redioni. Mwaka juzi niliichukua tuni ya kwanza ya Super Mario Bros., nikaitoa katika mapigo yake manne na kuitia katika mapigo sita ya chakacha, ngoma yetu ya Pwani. Ngoma nilizipiga kwa msondo, chapuo na vumi, na jirani yangu akaniongezea udi, ile ala ya nyuzi. Nilitia pia milio michache niliyoinakili moja kwa moja kutoka kwenye gemu, ule wa sarafu na ule wa kuruka, na juu yake nikaweka picha za gemu yenyewe. Niliipa jina "Chakacha Yangu ya Mario". Watu waliipenda kuliko nilivyotarajia, na hata wageni wa Brazili na Ujapani waliniandikia pongezi.

Sasa mambo matatu yamenijia kwa pamoja. Kwanza, rimiksi yangu nyingine, ya gemu ambayo sitaitaja, imeondolewa katika mtandao wa video ninaoutumia kwa malalamiko ya kampuni yenye gemu hiyo, nami nimepewa onyo. Rafiki yangu ananihimiza nijaze fomu ya kupinga, nieleze kwamba sipati hata senti na kwamba hayo ni matumizi halali. Pili, kampuni moja ya rangi za nyumba inaitaka ile chakacha ya Mario kwa tangazo la redio na mitandao, na imeahidi kunilipa shilingi 60,000, fedha zinazozidi mshahara wangu wa mwezi. Wananitaka nitie sahihi kabla ya mwezi kwisha. Nakala ya mkataba nimeiambatisha. Tatu, binamu yangu, ambaye ni DJ wa harusi, ameikata chakacha hiyo, akatanguliza jina lake na kuipakia kama kazi yake. Nilipomlaumu alicheka akaniuliza, "Kwani wewe uliitoa wapi?" Sikuwa na jawabu.

Babangu alipopata habari za lile onyo hakugomba. Alisema tu kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, kisha akauliza ni kwa nini mwanawe aibe tuni za watu ilhali ana kichwa chake. Neno hilo la kuiba limenikaa moyoni. Tangu siku hiyo sijakifunua kinanda.

Nilikuwa nimeanza kuupanga "Baba Yetu", ule wimbo wa Kiswahili wa gemu ya Civilization IV, pamoja na rafiki yangu ambaye ni mwanakwaya. Nilidhani kwamba, kwa kuwa maneno yake ni sala ya Kiswahili, wimbo huo si mali ya mtu. Je, hata huo niuache? Na je, babangu amesema kweli?

Mpiga Kinanda, Mombasa

JAWABU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na mkataba, kwa kuwa ndio wenye tarehe. Usiutie sahihi. Nimeusoma wote, na tatizo halimo katika malipo bali katika kifungu cha saba, ambacho huenda ulikipita haraka kwa kuwa kimeandikwa kwa lugha ya mawakili. Kifungu hicho kinakufanya utamke kwamba wewe ndiwe mwenye haki zote za tuni na za rekodi, na kwamba mtu yeyote akija kuidai kampuni fidia, wewe ndiwe utakayeilipa pamoja na gharama za mawakili wao. Tamko la kwanza si la kweli, na ahadi ya pili huna uwezo wa kuitimiza. Shilingi 60,000 hizo, ukizitazama vizuri, si ujira wa kupiga kinanda. Ni bei ndogo sana ambayo kampuni inakulipa ili uibebee hatari yake.

Tuni hiyo ilitungwa na Koji Kondo kwa ajili ya gemu iliyotoka mwaka 1985. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye haki mamlaka juu ya kunakili kazi, kuigeuza, kuiimba hadharani na kuitangaza, na mamlaka hayo hayaishii kwenye kazi ilivyotoka mikononi mwa mtunzi, bali yanafika hadi kwenye umbo lolote ambalo msikilizaji anaweza kulitambua kuwa limetokana nayo. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu sifa kubwa ya chakacha yako ni kwamba mtu anaitambua kabla vumi halijalia mara ya pili. Usidhani kuwa umbali wa Ujapani unakulinda. Ujapani imo katika Mkataba wa Berne tangu 1899 na Kenya tangu 1993, na nchi za mkataba huo huilinda kazi ya mgeni kama zinavyoilinda ya mwenyeji. Haki yenyewe kwetu hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na Bwana Kondo, aliyezaliwa mwaka 1961, yu hai.

Waandikie watu wa rangi kwa adabu kwamba upangaji na upigaji ni wako lakini tuni si yako, na kwamba uko tayari kuwatungia chakacha mpya kwa bei hiyohiyo. Wakisisitiza kuwa wanamtaka Mario, basi waende wenyewe kuomba idhini kwa wenye haki. Nashuku kwamba hawatakwenda, kwa maana mtu wa matangazo anayemwendea karani wa bandarini badala ya mwenye tuni huwa anaijua sababu yake. Na utakapotunga hiyo mpya, usiinyemelee ile ya Mario kwa kubadilisha noti mbili tatu. Itakuwa umerudi palepale kwa mlango wa uani.

Kuhusu onyo, hukuutaja mtandao wako, nami nitaeleza utaratibu wa YouTube kwa kuwa ndio ninaoufahamu. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Liko dai linalotokana na mashine ya kulinganisha sauti, ambapo mwenye haki huchagua kuizuia video, au kuiacha ibaki huku mapato ya matangazo yakienda kwake, au kutazama tu idadi ya watazamaji. Dai la namna hiyo kwa kawaida si adhabu. Liko pia ombi rasmi la kuondolewa, ambalo ndilo linaloleta onyo kama lako. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima, lakini onyo moja, ukiyapitia mafunzo yao mafupi ya hakimiliki, huisha baada ya siku 90. Kwa hiyo hali yako haijawa mbaya hivyo.

Inayoweza kuwa mbaya ni fomu ambayo rafiki yako anakuhimiza uijaze. Kwa sheria ya Marekani, ambayo ndiyo inayoongoza utaratibu huo, anayepinga hutamka, akijua kwamba uongo ni kosa la jinai, kuwa anaamini video yake iliondolewa kwa makosa. Hutoa jina lake halisi, anwani na simu, ambavyo hupelekwa kwa mlalamikaji. Na hukubali kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho ya huko. Mlalamikaji akifungua kesi ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi, video hairudi. Je, uko tayari kwa hayo kwa ajili ya dakika tatu za kinanda? Kutolipwa senti kunasaidia kidogo katika hoja ya matumizi halali ya Kimarekani, lakini ni jambo moja kati ya manne ambayo mahakama huyapima, na sheria yetu ina mlango mwembamba zaidi: utafiti, matumizi ya faragha, uhakiki na kuripoti matukio. Kupakia rimiksi ili ulimwengu usikilize hakumo humo. Fomu ile ni ya mtu ambaye video yake iliondolewa kimakosa, na yako, kwa jinsi ulivyonieleza, haikuondolewa kimakosa.

Sasa nije kwa babako, ambaye ndiye hasa aliyekufanya uandike.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale uliposema kwamba kikundi chake kilizitilia tuni za filamu za Kihindi mashairi ya Kiswahili. Wewe umelisema hilo kama mapambo ya hadithi, ukapita. Mimi naona ndilo jawabu la nusu ya barua. Taarabu yetu imelelewa kwa kuazima. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim mpaka Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi, na kwamba muziki uliorudi naye ulikuwa wa Kairo kwa ala na kwa mahadhi. Mombasa nayo ilielekeza sikio Bombay. Mohamed Khamis Juma Bhalo, bingwa tuliyempoteza mwaka 2014, alipendwa mno kwa kuimba mashairi mazito ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na sijamsikia mtu katika Mji wa Kale akimwita mwizi. Watu walisema kuwa Bhalo ameitia roho nyingine.

Kwa hiyo babako anapokuambia kwamba umevaa nguo ya kuazima, unaweza kumuuliza, kwa heshima na wakati wa chai, kanzu yake ilishonewa wapi. Lakini usimuulize kana kwamba umemshinda. Yako mambo mawili ambayo yeye anayaona na wewe huyaoni. Harusi ya Kibokoni haikusikika Bombay. Chakacha yako inasikika Kyoto, iliko kampuni ya Mario, usiku uleule, na inabaki pale mwaka mzima ikimngoja mwenyewe aikute. Na la pili, ambalo nadhani ndilo lililomuuma: kikundi chao kilitilia maneno yao, machungu yao na mafumbo yao, na aliyeijua filamu alijua mara moja kwamba tuni imeazimwa. Hawakumdanganya mtu. Wewe umeiita "Chakacha Yangu ya Mario", na jina la Koji Kondo halimo popote.

Kosa hilo lirekebishe leo. Katika maelezo ya kila rimiksi andika jina la mtunzi, jina la gemu na mwaka wake, kisha uandike kwamba mpangilio na upigaji wa kinanda ni wako na udi ni wa jirani yako, kwa majina. Kumtaja mtunzi hakukupi idhini, wala usimwamini mtu anayekuambia kwamba kunatosha. Hata hivyo kunatenganisha uazimaji na wizi katika macho ya wasikilizaji, na pengine katika macho ya babako pia.

Tukishafika hapo, nataka ujue kilicho chako, kwa kuwa nakuona umetoka katika kujiona mwenye kila kitu ukaingia katika kujiona huna kitu. Ile mashine ya Famicom, iliyotoka Ujapani mwaka 1983, ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba zilizobeba tuni na kiitikio chake, moja ya pembetatu iliyoshika besi, moja ya mvumo uliosimama badala ya ngoma, na moja ya vipande vidogo vilivyorekodiwa. Ufukara huo ndio uliomlazimisha Kondo atunge tuni isiyochosha hata mtoto akiirudia jioni nzima. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika rejista yake ya rekodi za kuhifadhiwa, ikawa muziki wa kwanza wa gemu kupewa nafasi hiyo. Wewe uliuondoa ule mvumo ukaweka msondo, chapuo na vumi. Ukaihamisha tuni kutoka mapigo manne hadi sita, jambo ambalo kila aliyewahi kujaribu anajua kwamba si kunyosha noti tu, kwa sababu zile noti zilizokaa nje ya pigo hupotea na inabidi uzitafutie makao mapya. Huo ni mpangilio, na mpangilio ni kazi ya akili.

Wala huko peke yako katika kazi hii. Tangu mwaka 1999 tovuti ya OverClocked ReMix, iliyoanzishwa na David Lloyd huko Marekani, imekuwa ikikusanya mipangilio ya wapenzi wa muziki wa gemu na kuigawa bure, na jopo lake la waamuzi huikataa kazi iliyobadilisha sauti za ala tu bila kutia fikra mpya. Wapangaji wa tovuti hiyo ndio walioitiwa kazi na kampuni ya gemu ya Capcom kutengeneza muziki wa Super Street Fighter II Turbo HD Remix uliotoka mwaka 2008, na mpangaji mmoja wa OverClocked ReMix, Danny Baranowsky, baadaye aliandika muziki wake mwenyewe wa gemu ya Super Meat Boy ya mwaka 2010. Sikutajii hao ili uache ukarani. Nakutajia ili ujue kwamba wapo watu wazima, wenye kazi zao za mchana, wanaoishika burudani hii kwa makini, na kwamba wengi wao wameiweka mbali na biashara kwa makusudi.

Hapa ndipo napata jawabu la swali la binamu yako. Alikuuliza uliitoa wapi, ukanyamaza. Sheria yetu inasema kwamba kazi hainyimwi hakimiliki kwa sababu tu utengenezaji wake uliigusa haki ya mwingine. Maana yake ni kuwa mpangilio wako na rekodi yako vinaweza kuwa vyako hata kama tuni si yako, na DJ aliyekata rekodi hiyo na kutanguliza jina lake amechukua usiku wako kadhaa wa kazi ambao haukuwa wa Kondo. Mwambie hivyo. Lakini usimfungulie mashtaka ya mtandaoni, kwa kuwa utakuwa unamwita hakimu kwenye nyumba ambayo wewe mwenyewe hujalipa kodi, na isitoshe, huyo ni mtoto wa ndugu wa mzazi wako na mtakutana kwenye harusi ijayo. Mtake aweke majina yote matatu: la mtunzi, lako na lake kama DJ. Akikataa, shangazi au mjomba anayehusika ana nguvu kuliko wakili.

Katika chakacha yenyewe kuna vitu viwili ambavyo ningeviondoa bila kusita: ile milio ya sarafu na ya kuruka, na zile picha. Kupiga tuni ya mtu kwa mikono yako ni jambo moja. Kuinakili rekodi yake kama ilivyo ni kugusa haki nyingine iliyo juu ya ile ya kwanza, na picha za gemu ni haki ya tatu. Unajiongezea milango ya kulalamikiwa bila faida yoyote ya muziki. Mlio wa sarafu ni noti mbili fupi zinazopanda. Mwache jirani yako azidonoe kwa udi, msikilizaji atacheka kwa furaha zaidi. Na badala ya picha za gemu, tuonyeshe mikono inayopiga vumi.

Ukitaka siku moja kuiuza rekodi bila video, Marekani ina leseni ya lazima inayomruhusu mtu kurekodi upya wimbo ambao tayari umetolewa kwa umma kama rekodi kwa idhini ya mwenyewe, kwa kulipa kiwango kilichowekwa, na baadhi ya wasambazaji wa muziki humshughulikia mpigaji malipo hayo. Leseni hiyo hukuruhusu kuupanga wimbo ulingane na mtindo wako ilmradi usigeuze tuni ya msingi wala tabia ya wimbo. Haihusu video, haihusu tangazo la rangi, na haihusu milio iliyonakiliwa. Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na idhini kwa mtu wa kipato chako.

"Baba Yetu" ni habari nyingine, nami nakiri kwamba nilifurahi kuiona katika barua yako. Wimbo huo ulitungwa na Christopher Tin, Mmarekani wa California, kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Sijui ni mara ngapi lugha yetu imefika jukwaa lile. Ni kweli kwamba maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na hakuna atakayekuzuia kuitungia sala hiyo tuni yako mwenyewe. Lakini utakachotambulika nacho ni ile tuni inayopanda, na mwitikiano wa mwimbaji na kwaya, na hivyo ni vya mtunzi aliye hai. Undugu wetu na lugha haututii katika umiliki wa muziki.

Hata hivyo nisingekuambia uuache kabisa. Nota zake za kwaya zinauzwa, na mtunzi mwenyewe hufanya kazi zake hadharani na ana njia za kufikiwa. Kwaya ya rafiki yako ikinunua nota na kuomba idhini ya kuuweka katika video, mtakuwa mmeanza mahali panapostahili. Andikeni barua fupi. Elezeni ninyi ni nani, mnataka kubadilisha nini, na kwamba hamuuzi. Na kwa kuwa ninyi ni Waswahili, mna jambo la kumpa ambalo wengi walioupanga wimbo huo hawana: mnajua mkazo wa kila neno unakaa wapi. Mimi nikiusikia ukiimbwa na kwaya za mbali, mara nyingi sikio langu hushtuka mkazo unapoangukia silabi isiyo yake. Mpangilio unaotamkwa vizuri na watu wa Pwani ungekuwa na sababu ya kuwapo.

Wakati mnangoja majibu, na huenda mkangoja sana, nina pendekezo. Tuni inayojulikana duniani kote kuwa ya Tetris, kutokana na toleo la Game Boy la mwaka 1989, haikuzaliwa katika gemu. Ni wimbo wa Kirusi uitwao "Korobeiniki", wenye maneno yaliyotokana na shairi la Nikolai Nekrasov la mwaka 1861, unaomhusu mchuuzi wa vitambaa anayepatana bei na msichana, nawe unaweza kuona jinsi kisa hicho kinavyoomba kutiwa katika taarabu. Tuni ya kale haina mwenyewe. Mpangilio wa Hirokazu Tanaka uliomo katika Game Boy unaye, kwa hiyo usiuige ule. Jifunze wimbo kutoka kwa waimbaji wa Kirusi wenyewe, na usilitumie jina la Tetris kuunadi, kwa sababu hilo ni alama ya biashara. Ukishaurekodi hivyo, mtu wa rangi akija tena, kifungu cha saba utakisoma bila kutetemeka.

Tena tuni hiyo iko katika ufunguo mdogo (minor), karibu sana na Nahawandi, mojawapo ya makamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, ambayo haina robo za sauti. Kwa hiyo kinanda chako na fidla ya babako havitagombana. Warusi huianza polepole mno, kisha huiharakisha kidogo kidogo hadi vidole viwake moto. Hizo beti za mwanzo vidole vyake bado vinaziweza. Mrekodi yeye kwanza, peke yake, bila mdundo wa mashine wa kumfukuza, kisha wewe ufuate mwendo wake, na chapuo liingie pale anapochoka.